Mhariri, mbio fupi ni zetu pia, mmemsahau John Akii-Bua

Ndugu mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba kabisa barua hii msiikate sana kwasababu nina jambo limenikaa muda mrefu.

Kwenye kurasa za michezo za magazeti yetu, na redioni pia, kuna maneno yanarudiwa kila msimu wa riadha ukifika, kwamba sisi watu wa Afrika Mashariki tumeumbwa kwa mbio ndefu, mita 10,000 na marathoni, na kwamba mbio fupi na mbio za viunzi tuwaachie Wamarekani na Wajamaika. Yanasemwa kama jambo ambalo lilishaamuliwa zamani na halina mjadala. Mwandishi anaandika, mtangazaji anasoma, kocha wa wilaya anasikia, mwisho linamfikia mtoto wa form two ambaye ana mwendo mkali wa mita 400 na anaambiwa wewe jaribu mita 5,000 huku kwingine si kwetu. Mi ni mwalimu wa michezo wa sekondari na haya nayaona kwa macho yangu, na kila nikiyasikia najiuliza hivi John Akii-Bua amefutwa lini kwenye historia?

Kwa vijana ambao hawamjui, na naamini ni wengi sana, Akii-Bua ni Mganda aliyechukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 400 kuruka viunzi, Munich, tarehe 2 Septemba 1972, kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia, binadamu wa kwanza kuimaliza mbio hiyo chini ya sekunde 48. Kabla yake hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki kwenye mbio yoyote iliyo fupi kuliko mita 800, walioshinda ni Wazungu wa Afrika Kusini tu. Mwafrika mweusi wa kwanza alitoka hapa hapa kwetu, siyo Afrika Magharibi wala wapi, sasa hiyo ya kwamba hatukuumbwa hivyo imetoka wapi?

Tuanze alikotoka. Alizaliwa 1949 Abako, huko Lango, kaskazini mwa Uganda, baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto 43, na yeye shule aliiacha mapema, akachunga ng'ombe, akafanya kazi kwenye baa ya familia pale Lira, baadaye ndo akaingia jeshi la polisi Kampala. Huko polisi ndiko michezo ilikomkuta. Kulikuwa na polisi mwenzake anaitwa Jerom Ochana, naye mruka viunzi mzuri tu, yeye ndo aliyemfundisha mwanzo na alikuwa anamwekea fito juu ya kiunzi ili asinyanyuke sana hewani, yani upite katikati, ukipanda juu kupita kiasi unajigonga kichwa. Hapo hapakuwa na maabara wala mashine, ni fito tu na mtu anayejua anachokitafuta.

Halafu mwaka 1968 akaja Uganda kocha kijana kutoka Uingereza, Malcolm Arnold. Akii-Bua wakati huo alikuwa anakimbia mita 110 viunzi, na hiyo 400 ya viunzi alihamia baadaye, na nasikia wengi wakisema kwamba basi siri ni Mzungu. Hapana. Arnold mwenyewe ndo kwanza alikuwa anaanza, hakuwa na jina, jina alilipata kupitia Akii-Bua, miaka mingi baadaye ndo akamfundisha Colin Jackson ambaye naye aliweka rekodi ya dunia ya mita 110 viunzi mwaka 1993. Kwahiyo ukiangalia vizuri utaona walikua pamoja, mwalimu na mwanafunzi, kwenye viwanja vya Kampala, na yule Jackson wa Uingereza alivuna kitu ambacho mbegu yake ilipandwa Uganda.

Mwaka 1970 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, fainali ya mita 400 viunzi, dhahabu alichukua Mwingereza John Sherwood. Fedha akachukua William Koskei akiwa na jezi ya Uganda, ambaye baadaye aliiwakilisha Kenya, shaba akachukua Charles Yego wa Kenya na wa nne alikuwa Akii-Bua. Naomba msome tena hapo, wa pili, wa tatu na wa nne wote wa Afrika Mashariki, kwenye mbio ya viunzi, mwaka 1970. Hiyo ni bahati ya mtu mmoja jamani? Mwaka uliofuata, 1971, Akii-Bua akakimbia 49.0 kule Durham, North Carolina, kwenye mashindano ya Marekani na Afrika, na hiyo ilikuwa ndo kasi kubwa kuliko zote duniani mwaka ule.

Sasa kuhusu mazoezi yake. Kabla ya Munich alikuwa anafanya mazoezi amevaa kizibao kilichowekwa vipande vya madini ya risasi ili mwili uwe mzito, anapanga viunzi virefu vya mita 110, vile vya zaidi ya mita moja, wakati kwenye mbio yake vilikuwa vifupi zaidi, na anavizunguka raundi baada ya raundi asubuhi na jioni. Fikiria mtu ameruka viunzi virefu na mzigo mwilini miezi na miezi, siku ya mbio unamvua mzigo na unamshushia viunzi, atakimbiaje huyo?

Kwa wasiojua hii mbio naomba nieleze kidogo kwasababu ukiielewa ndo unaelewa alichofanya. Viunzi ni 10, kwa wanaume urefu wake ni sentimita 91.4. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, kati ya kiunzi na kiunzi mita 35, na cha mwisho hadi mstari wa kumalizia mita 40. Mkimbiaji anahesabu hatua, yani anajua kati ya kiunzi na kiunzi atakanyaga mara ngapi ili afike na mguu ule ule aliouzoea. Tabu ni kwamba baada ya mita 250 mwili unachoka, hatua zinafupika, unafika kwenye kiunzi na mguu usio wako, unasitasita, hapo mbio imeisha. Akii-Bua aliweza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, kwahiyo hatua zikibadilika yeye haimsumbui, anaendelea tu. Hicho ni kitu cha kufundishwa na kurudiwa mara elfu, wala hakuna mtu anayezaliwa nacho, awe wa Kingston au wa Lira.

Munich wakampa leni namba moja, ile ya ndani kabisa. Mtu yeyote aliyewahi kukimbia 400 anajua leni ya kwanza ilivyo, kona ni kali, mwili unavutwa nje na kuruka kiunzi ukiwa kwenye kona kama ile ni shughuli, tena wenzako wote unawaona wamepangwa mbele yako. Mbele yake alikuwepo David Hemery, bingwa wa Mexico 1968 na mwenye rekodi ya dunia, na Ralph Mann wa Marekani. Hemery akaondoka kwa kasi kubwa, kubwa mno, nadhani alitaka kuwamaliza mapema. Akii-Bua akatulia kwenye kona yake, akala viunzi kimoja kimoja, na walipoingia ile nyoosho ya mwisho Hemery kaanza kukaza shingo, yeye bado anapaa. Akamaliza 47.82. Mann 48.51, Hemery 48.52. Tofauti ya karibu sekunde 0.7, kwenye fainali ya Olimpiki, kutoka leni ya kwanza! Na alipomaliza hakusimama, akaendelea kuzunguka uwanja akiruka viunzi, hata pale ambapo kiunzi hakikuwepo aliruka hewa, uwanja mzima umesimama unampigia makofi. Siku tatu baadaye wanamichezo wa Israeli wakavamiwa kijijini kwa wanamichezo na Olimpiki ile ikageuka msiba, na nadhani hiyo nayo ni sababu dunia haikupata muda wa kumfurahia ipasavyo.

Kwenye Olimpiki hiyo hiyo Kenya walichukua dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 mara watu wanne, Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, na Sang akapata na shaba ya mita 400 peke yake. Kwahiyo ukichukua mzunguko mmoja wa uwanja, Munich 1972, Afrika Mashariki ilikuwa na dhahabu mbili na shaba moja. Nani anayaandika haya siku hizi?

Nyumbani Idi Amin alimpokea kwa shangwe, akampandisha cheo, akampa nyumba, barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake, na uwanja wa Lira nao una jina lake. Lakini Akii-Bua alikuwa Mlango, yani mtu wa kabila la Lango, watu wa nyumbani kwa Obote, rais ambaye Amin alimpindua, na Walango na Waacholi ndo waliokuwa wanauawa kwa maelfu na utawala ule ule uliokuwa unapiga naye picha. Huyu mtu alikuwa anafanya mazoezi akijua ndugu zake na watu wa kwao hawako salama, na akisafiri nje lazima arudi kwasababu familia imebaki. Mi nikisoma watu wanaandika kwamba baada ya Munich alishuka kiwango, nakasirika, kwasababu Januari 1973 alichukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Lagos, aliendelea kukimbia, ila jaribuni nyie kukimbia viunzi mkiishi hivyo.

Kisha ikaja Montreal 1976. Nchi za Afrika zilijitoa kwasababu New Zealand walipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu, na Tanzania yetu ilikuwa mstari wa mbele, na mi nasema wazi kwamba msimamo ule ulikuwa sahihi, siuonei aibu. Lakini gharama yake ililipwa na watu wenye majina. Hapa kwetu tunamkumbuka Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500 aliyoiweka Christchurch 1974, na kila mwaka tunasema Montreal ilimnyima dhahabu. Ni kweli. Ila jirani yetu naye alikuwa bingwa mtetezi na mwenye rekodi ya dunia, alibaki bila mbio vile vile, na siku hiyo Edwin Moses wa Marekani akashinda na kuivunja rekodi yake. Dunia ilinyimwa mbio ya Moses na Akii-Bua, na hiyo mbio haitakuja kukimbiwa tena. Bayi tunamtaja, Akii-Bua hatumtaji, mi sioni haki hapo.

Mwaka 1979 jeshi letu likaingia Kampala, tarehe 11 Aprili mji ukaanguka, tunaijua hiyo hadithi kwa upande wetu. Kwa upande wa Akii-Bua, yeye alikuwa polisi chini ya serikali iliyoanguka, ingawa ni Mlango aliyekuwa anawindwa na serikali hiyo hiyo, kwahiyo pande zote mbili hakuwa na usalama. Akakimbia na familia yake kuvuka mpaka wa Kenya, akaishia kwenye kambi ya wakimbizi. Bingwa wa Olimpiki! Waliomtoa pale ni kampuni ya viatu ya Puma, wakampeleka Ujerumani, akaishi na kufanya kazi Herzogenaurach kwenye makao yao. Nawashukuru Puma, lakini inaniuma kwamba aliyemkumbuka alikuwa mtengeneza viatu wa Ujerumani na siyo chama cha riadha cha nchi yoyote ya kwetu, iwe Uganda, Kenya au Tanzania.

Na pamoja na hayo yote mwaka 1980 akaenda Moscow akavaa tena jezi ya Uganda. Hakufika fainali, umri ulikuwa unasogea na miaka mizuri ilishapotea. Olimpiki ile ndo Bayi na Suleiman Nyambui walituletea fedha mbili, kwahiyo Watanzania waliofuatilia Moscow walikuwa uwanja mmoja na Akii-Bua bila kujua. Mwaka 1983 akarudi Uganda, akarudi polisi, akawa anafundisha vijana. Akafariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47 tu, mkewe alishatangulia, ameacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima zote kule kwao. Dhahabu ya pili ya Olimpiki kwa Uganda ilikuja kupatikana London 2012 na Stephen Kiprotich kwenye marathoni, miaka 40 baada ya Munich.

Sasa narudi kwenye maneno yenu ya kuumbwa. Mtasema Akii-Bua ni mmoja. Haya, Davis Kamoga wa Uganda, shaba ya mita 400 Atlanta 1996 na fedha ya dunia Athens 1997. Nicholas Bett wa Kenya, bingwa wa dunia wa mita 400 viunzi, Beijing 2015, kwa sekunde 47.79, na yeye alipewa leni ya tisa, ile ya nje kabisa, hivyo mmoja katokea leni ya kwanza na mwingine ya mwisho na wote wakashinda. Bett naye tumempoteza kwa ajali ya gari mwaka 2018, Mungu amrehemu. Boniface Mucheru, fedha Rio 2016, mbio hiyo hiyo ya viunzi, na pacha wake Bett, Haron Koech, alikuwemo kwenye fainali hiyo. Ferdinand Omanyala, mita 100 kwa 9.77, Nairobi 2021. Hao wote wametoka ukanda huu huu, wanakula ugali huu huu.

Angalieni pia hizo namba, 47.82 mwaka 1972 na 47.79 mwaka 2015. Miaka 43, tofauti ni sekunde 0.03. Kama hata kwa viwanja vya kisasa na viatu vya kisasa bingwa wa dunia alimpita Akii-Bua kwa kiasi hicho tu, basi huyu mtu alikuwa mkubwa kuliko tunavyomkumbuka, na pale Uganda muda wake bado unasimama kama rekodi ya taifa.

Mi nadhani tatizo letu ni viunzi vyenyewe, siyo damu. Mbio ndefu hazidai vifaa, mtoto anakimbia barabarani kwenda shule na jioni anarudi, kocha ana saa mkononi, basi. Viunzi vinataka viunzi. Shule ninayofundisha haina hata kimoja, na shule nyingi ninazokutana nazo kwenye UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ziko hivyo hivyo, mtoto anaona kiunzi kwenye tv tu. Halafu ukifika wakati wa mashindano makubwa tunashangaa kwanini hatuna waruka viunzi, tunajijibu kwamba hatukuumbwa hivyo. Akii-Bua alikuwa na vitu vitatu ambavyo mtoto wetu hana, viunzi vya kurukia kila siku, kocha aliyejua mbio hiyo moja kwa undani, na ajira polisi iliyompa mshahara na muda wa mazoezi. Majeshi yetu yapo, yana timu, yana viwanja, yanaweza kufanya alichofanyiwa yule kijana wa Lira.

Ombi langu kwako mhariri, mwezi wa tisa ukifika toeni ukurasa mzima wa Akii-Bua, na picha yake akiwa amevaa jezi ya Uganda anaruka kiunzi, vijana waione. Na waandishi wenu wakija kuandika riadha waache hiyo sentensi ya kuumbwa, waulize badala yake shule ngapi za mkoa wao zina viunzi.

Na kwa walimu wenzangu ambao hawataki kusubiri, sisi tumeanza kutengeneza wenyewe kwa mabomba ya plastiki ya maji, yale ya nusu inchi, na viungio vyake vya kona. Kwa wavulana wa sekondari kwenye mita 400 weka kimo cha sentimita 84, wasichana 76, hao wanaoanza kabisa shusha hata hadi 50 kwanza wapate mwendo. Nafasi ni zile zile nilizotaja, 45, 35, na 40 mwishoni. Jambo moja la kuzingatia sana ni miguu ya kiunzi, ielekee upande anakotokea mkimbiaji, ili akikigonga kidondoke mbele na asianguke nacho. Ukiigeuza utamvunja mtoto. Fito ya juu isibane, ikae tu, ikiguswa itoke.

Mwalimu wa michezo,
Dodoma